Kifuniko cha Tisa

Vidole viwili. Hiyo ndiyo nafasi Mkunga aliyoikuta Jumatatu asubuhi alipoingia kufuta vumbi katika chumba cha vitabu vya mumewe: vidole viwili kushoto na vidole viwili kulia mwa kitabu kimoja, kwenye rafu ambayo vitabu vilibanana kiasi kwamba ukichomoa kimoja, jirani yake anakuja naye. Akavisogeza vikagusana, akaendelea na kazi. Jumanne akaikuta nafasi ile ile. Mkunga alishapokea watoto elfu na kitu kwa mikono yake kabla ya kustaafu, na mtu wa namna hiyo hashtuliwi na rafu. Alidhani ni utaratibu mwingine wa mumewe, akavisogeza tena na kusahau.

Mumewe alikuwa daktari mpasuaji mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Daktari, hata wale waliokwishasahau jina lake. Nyumba yao ilikuwa na vyumba vinne, na kizuri kuliko vyote, kile chenye madirisha mawili ya barabarani, kilikuwa cha vitabu. Humo alikuwa amekusanya kwa miaka thelathini vitabu vya tiba vilivyopigwa chapa miaka mia tatu na mia nne iliyopita, enzi ambazo mgonjwa alitolewa damu kwa kila ugonjwa, ukiwemo ule wa kupungukiwa damu. Kwa kuwa jua hula wino, madirisha yalivishwa mapazia mazito yasiyofunguliwa, na saa sita mchana ulihitaji taa humo ndani. Mkunga aliviita vitabu vile wake wenza. "Mke mwenzangu hajambo?" angeuliza akiwa mlangoni na kikombe cha chai, na Daktari angeguna tu bila kuinua kichwa. Ulikuwa utani, ila si utani mtupu.

Kitabu kilichotengewa nafasi kilikuwa cha ukunga. Katikati yake palikuwa na picha ya mwanamke aliyeketi, iliyotengenezwa kwa vipande vya karatasi vilivyobandikwa kimoja juu ya kingine, vifuniko tisa. Unafunua ngozi unaona nyama, unafunua nyama unaona mbavu, unaendelea hivyo mpaka kifuniko cha tisa, ambacho ni mtoto aliyejikunja tumboni, urefu wake kidole gumba. Daktari alikinunua kikiwa na vifuniko vinane. Kwa miaka kumi na mmoja alimfunua mwanamke yule, na kila alipofika mwisho alikuta doa la gundi kavu, mahali alipobanduka mtoto.

Na nakala nyingine pekee aliyoijua ilikuwa ya nani? Ya shemeji yake, kaka wa Mkunga, mwenye duka la dawa mtaa wa pili. Tuseme wazi: Daktari alimwonea wivu, wivu wa kumnyima usingizi. Yeye alikuwa ameandika barua, amesafiri, amesubiri. Mfamasia aliikuta yake chini ya sanduku la makaratasi aliloachiwa na mteja aliyehama, akaiweka kabatini pamoja na chaja za simu, na akawa anaifungua kwa vidole vilivyotoka kumenya chungwa. Na ilikuwa kamili, mtoto ndani. Kila walipokutana alimtupia neno lile lile mbele ya watu.

"Vipi, shemeji, wako bado tasa?"

Watu wanacheka, Daktari naye anacheka, na kifuani kunamchoma.

Wiki tatu kabla ya ile Jumatatu alikwenda kwa Mfamasia kuangalia kitabu, kama alivyozoea. Mfukoni alikuwa na uzi wa pamba. Uzi ule unalowanishwa kwa mate, unalazwa kando ya gundi, kitabu kinafungwa. Robo saa tu gundi ya kale inalainika, na karatasi inatoka bila sauti. Kila mkusanyaji wa vitabu anaijua njia hiyo, na kila mmoja atakuapia kwamba aliisikia tu mahali. Mfamasia alikwenda mbele ya duka kumhudumia mteja mbishi. Aliporudi, mtoto alikuwa katikati ya kurasa za daftari la Daktari, na vifuniko vinane vimelala juu ya mahali patupu kana kwamba hakuna lililotokea.

Nyumbani alipika gundi ya unga wa ngano katika kisufuria cha mkewe, akambandika mtoto katika kitabu chake, akafunga mlango na kukaa naye mpaka saa ya kula. Hakumwambia mtu. Furaha yenyewe ilikuwa ya kutomwambia mtu.

Wiki ya ile Jumatatu Binti yao alirudi nyumbani kujifungua. Mimba ilikuwa mwezi wa nane, ya kwanza, na mumewe alikuwa kazini mbali, akipanda minara ya simu. Binti alikuwa mchangamfu, mbishi kama mama yake, na sikio alichukua la baba: juu ya sikio la kushoto palikuwa na pengo dogo, kama pamekatwa kwa ukucha. Daktari alikuwa nalo, na baba yake alikuwa nalo. Mkunga alisema hata mjukuu asihangaike kubishana na sikio hilo, atazaliwa nalo tu.

Siku za kwanza zilikuwa za kicheko. Kisha ikaja harufu. Binti ndiye aliyeisikia kwanza: harufu ya unga uliochacha, inayotoka chini ya mlango wa chumba cha vitabu na kutambaa ukumbini. Mkunga alisugua kile kisufuria mara tatu, akakitupa, na harufu ikabaki. Kwenye rafu, nafasi ya vidole viwili ikawa ya vidole vinne, kisha ya kiganja, na asubuhi moja vitabu vyote vya rafu ile vilikutwa chini, vimeanguka kifudifudi, na kile kimoja kimebaki juu peke yake, kimesimama wima bila kuegemea chochote.

Alasiri ya siku hiyo Binti alikuwa amejinyoosha kitandani. Alimweleza mama yake baadaye kwa sauti ndogo, akiwa ameshika ncha ya khanga kwa mikono miwili.

"Mama, nilikuwa macho. Nilisikia mtu ananigusa tumbo. Si kunipapasa. Ni kucha, Mama, ukucha mmoja, unapita pembeni ya tumbo taratibu, kama mtu anayetafuta ncha ya karatasi aifunue."

"Ulimwona?"

"Hapakuwa na mtu. Ila godoro lilikuwa limebonyea hapa pembeni yangu, na likainuka lenyewe."

Mkunga alikwenda kuchukua fetoskopu yake ya mbao, kile kipembe cha kusikilizia watoto alichokuwa nacho tangu chuoni, akakilaza juu ya tumbo la mwanawe na kuegesha sikio. Mtoto alikuwepo, lakini mapigo yake yalikuwa mbali, hafifu, kama mtu anayetembea chumba cha tatu. Wakaenda hospitali. Walipimwa kwa mashine, wakaambiwa mtoto yu hai ila ametulia mno, warudi kila asubuhi. Kila asubuhi walirudi, na kila asubuhi mapigo yalikuwa yamepungua.

Siku ya nne, saa nane mchana, Binti akiwa amesinzia, Mkunga alipita ukumbini na kipembe mkononi akasikia mtu anabembeleza mtoto. Ilikuwa sauti ya mwanamke isiyo na maneno, mmm, mmm, nyuma ya mlango wa chumba cha vitabu, na kwa kuwa Daktari alikuwa ametoka, na kwa kuwa mwanamke mwingine katika nyumba ile alikuwa amelala, Mkunga alisimama pale mkono ukiwa kwenye kitasa kwa muda ambao yeye mwenyewe hakuweza kuupima, akiusikia ule mbembelezo ukikoma, ukianza, ukikoma tena kila ubao wa sakafu ulipolia chini ya mguu wake, mpaka wivu wa miaka thelathini ukamsukuma kuliko hofu ilivyomzuia, maana hata kama ni jini, alijiambia, hatabembeleza mtoto nyumbani kwangu bila kunisalimu. Akafungua. Giza, mapazia, harufu. Kitabu kilikuwa mezani, kimefungwa. Na mkunga mwenye miaka arobaini ya kazi akafanya jambo ambalo ni mkunga tu angelifanya: akaweka kipembe juu ya jalada la kitabu, akainama, akasikiliza.

Akasikia mapigo. Akahesabu kwa saa yake ya mkononi, kwa mazoea, wakati machozi yanamdondoka: mia na arobaini kwa dakika. Ya mtoto mwenye afya, wa mwezi wa nane.

Hakumngoja mumewe. Alimwita Bi Gundi.

Huyu alikuwa mwanamke mzee wa kujalidi vitabu, aliyemtengenezea Daktari majalada kwa miaka mingi, na jina alilipata kutokana na kazi yake. Alikuwa na desturi moja ambayo Daktari alikuwa akiicheka: hapokei kitabu kabla mwenyewe hajatamka mbele yake kimetoka wapi na kimeongezwa nini. Safari hii alikipokea mezani kwa Mkunga, akafunua kifuniko kimoja kimoja kwa kisu cha mfupa, na alipofika cha tisa akanusa.

"Hii gundi ni ya mwezi huu," akasema. "Na huyu mtoto si wa hapa."

Daktari alikuwa amesimama mlangoni, amerudi. Uso wake ulisema yote. Mkunga alimtazama mumewe, akatazama kitabu, akamkumbuka kaka yake na utani wake, na akaelewa bila kuuliza.

Bi Gundi alizungumza akiwatazama mikono, si nyuso. Alisema kuna majini wanawake wasiozaa, na kila jini wa aina hiyo hutafuta cha kulea. Mmoja alimwona mtoto huyu wa karatasi tangu wino haujakauka, akamfanya wake, na kwa miaka mia nne amemlea mle ndani ya kitabu, wala hakumdhuru mtu, kwa sababu hakuna aliyemgusa mwanawe. Sasa ameporwa. Amemfuata mtoto mpaka humu, amekuta tumbo la mama mwingine ndani ya nyumba hiyo hiyo, na ana wivu. Kila akimtazama Binti anaona kuna mtu anayemringia kwa kitu ambacho yeye amenyang'anywa.

"Ulilowanisha uzi kwa mate yako," akamwambia Daktari. "Basi anakujua. Mkono uliomtoa ndio umrudishe, mbele ya mwenye kitabu, na ukiri kwa mdomo."

"Nitarudisha," akasema Daktari.

"Na umpeleke mwenyewe. Nakwambia hivi kwa sababu nawajua nyinyi wenye vitabu. Jini huyu hagombani na mtu. Ukimpa bandia, anapokea, na anakurudishia bandia."

Ungedhani mtu aliyesikia hayo, mwanawe akiwa chumba cha pili anahema kwa shida, angeondoka na kitabu vile vile bila kuvaa viatu. Daktari aliomba siku mbili. Alisema gundi inataka kulainishwa polepole, karatasi isichanike. Mkunga, ambaye hajui gundi, akamwamini, na hilo ndilo nisiloweza kumsamehe Daktari hata leo.

Alimbandua mtoto dakika kumi baada ya kufunga mlango. Zile siku mbili alizitumia kwa kazi nyingine. Alikata ukurasa mtupu wa mwisho katika kitabu kibovu cha enzi ile ile, ili karatasi iwe ya umri mmoja. Alichanganya wino wa kahawia. Na kwa mkono ule wa upasuaji, ambao haukuwa umetetemeka tangu ujana, alichora mtoto: mgongo uliopinda, magoti, ngumi ndogo, masikio mawili mazima. Nyuma yake, akiwa ameinamia kioo cha kukuza, alisikia wakati wote mtu anahema kwa pua, taratibu, karibu na shingo. Alijua akigeuka hataona mtu, naye hakugeuka. Alijiambia kwamba Bi Gundi ni mjalidi tu, si mganga. Alijiambia kwamba ushirikina ni wa wengine. Lakini ukweli ni kwamba akilini alimwona Mfamasia akifungua kabati la chaja, akimwona mtoto amerudi, akicheka na kusema wako bado tasa. Na hilo hakuliweza. Alilinganisha picha mbili. Hata yeye ilibidi aweke alama ya kalamu kwenye bahasha ajue ipi ni ipi.

Ile ya kweli ikaenda kwenye droo ya meza yake.

Siku ya tatu walikwenda wote kwa Mfamasia, Binti akiegemea bega la mama yake. Daktari aliungama. Alisema kila kitu, uzi, mate, daftari, na kwa kuwa maungamo yenyewe yalikuwa ya kweli, sauti yake ilikatika kweli. Mfamasia alikitoa kitabu kati ya chaja, akakiweka mezani.

"Shemeji, ungeniomba," akasema. "Mimi sijui hata kukisoma. Ungeniomba tu ningekupa kitabu chote."

Daktari akapaka gundi, akaweka mtoto mahali pake, akashusha vifuniko kimoja baada ya kingine. Kifuniko cha mwisho kilipolala, kitu kilipita dukani, upepo mdogo wenye harufu ya unga, chupa za dawa zikagongana rafuni, kisha kimya. Binti akashika tumbo lake.

"Anacheza," akasema. "Mama, anacheza."

Mkunga alipiga magoti pale pale kati ya makatoni ya dawa, akaweka kipembe, na kila mtu akaona uso wake ukifunguka. Mfamasia alilia, akamkumbatia shemeji yake. Na Daktari, akiwa mikononi mwa mtu ambaye yeye alikuwa amemwibia mara ya pili, alijiambia kwamba basi, imekwisha, na amewashinda wote.

Mtoto alizaliwa wiki tano baadaye, saa tatu asubuhi, bila taabu, wa kiume. Hakulia. Alifungua macho akawatazama, na wauguzi wakasema huyu ni mpole. Mkunga alimwosha mwenyewe. Alipomgeuza kumkausha akamwangalia masikio, la kulia na la kushoto, yote mazima, akacheka kwamba safari hii sikio la ukoo limeshindwa, mtoto amefuata kwa baba yake. Ila jioni alimwambia mumewe jambo lingine, kama linalompita tu.

"Mzani unasema kilo tatu na nusu. Mikono yangu inasema hapana. Nimeshika watoto wengi, mume wangu. Huyu ni mwepesi."

Na siku ya tano akasema tena kwamba anamwosha asubuhi na jioni kwa sabuni nzuri, lakini shingoni, kwenye mikunjo, hiyo harufu haitoki.

Daktari alisubiri Mkunga aingie jikoni. Akaenda chumba cha vitabu, akafunga mlango kwa ufunguo, akavuta droo. Kalamu, risiti, miwani ya akiba, kila kilichokuwa mle kilikuwa kimesogea pembeni na kubanana kwenye mbao za droo, na katikati ilikuwa bahasha, peke yake, vidole viwili kila upande. Alimtoa mtoto wa karatasi, akamweka juu ya kitambaa cheusi, akawasha taa, akashika kioo cha kukuza, akapitia mstari kwa mstari: wino ulikuwa ule ule wa miaka mia nne, kahawia, uliozama ndani ya karatasi, hakuna mstari ulioongezwa wala kufutwa kwa mkono wa mtu, na magoti yalikuwa yale yale na ngumi ile ile, lakini juu ya sikio la kushoto la mtoto palikuwa na pengo dogo, kama pamekatwa kwa ukucha.

Alijishika sikio lake mwenyewe. Kisha akanyoosha mkono kwenye kipembe cha Mkunga, kilichosahauliwa juu ya meza tangu mtoto alipozaliwa, akakisimamisha juu ya karatasi, akainama.

Mia na arobaini.

Alifikiri kwenda kwa Mfamasia, kukiri mara ya pili, kumrudishia jini mwanawe. Lakini mwana wa jini hakuwa tena katika karatasi, alikuwa chumba cha pili, ananyonya, Binti anamwimbia. Na huyu hapa ungempeleka wapi? Ungemwambia nani? Mwishowe akachukua kitabu chake, akafunua vifuniko vinane, akapaka gundi kidogo kwenye lile doa la zamani, akamlaza mjukuu wake. Alimtazama pale, mahali pake hasa, ukingo kwa ukingo. Na katikati ya hofu ile, Mungu amsamehe, akasikia furaha ndogo inamwasha kifuani: nakala yake ilikuwa kamili, na ya shemeji sasa ilikuwa na bandia.

Akakiweka kitabu rafuni. Akavisogeza vitabu vingine kwa mkono wake mwenyewe, vidole viwili huku, vidole viwili huku. Kisha akabadili mawazo, akakichukua tena na kukipakata kifuani.

Mlango ukagongwa.

"Mke mwenzangu hajambo?" Mkunga akauliza kutoka nje, kwa sauti ya uchovu. "Hebu fungua. Binti amelala, na mimi sijaoga tangu asubuhi. Njoo umshike mjukuu wako kidogo."

"Nimemshika," akajibu Daktari, taratibu, ili asimwamshe.